Tundu la Nyota

Niliiba mimi.
Baba hayupo tena wa kunisikia, kwa hiyo naweza kusema:
nyota ya Mersedesi ya mkurugenzi,
niliivunja kwa mikono miwili kama mtu avunjavyo muwa
nikaizika ndani ya kopo la chumvi.

Gari lilikuwa jeusi, la dizeli.
Lilivuka bahari mpaka Lobito, likapanda garimoshi,
likashushwa Lubumbashi likiwa na vumbi la Angola masikioni.
Kila Jumamosi baba, Kisimba fundi wa Kamalondo,
alilala chini yake, miguu tu ikionekana,
akilisemesha kwa Kibemba.

Alikuwa na kitabu cha ufundi kilichonuka mazuti,
cha Kifaransa, kurasa arobaini zimepotea.
Humo alisoma kwamba nyota ina ncha tatu
kwa sababu injini zile zilitaka kutawala
nchi kavu, maji na anga.
Sisi watoto tulijua vingine:
Kipushi, Likasi, Kolwezi.
Shimo, shimo, shimo.

Na jina, alisema, ni la binti wa mfanyabiashara.
Nilimwonea wivu msichana huyo.
Jina langu mimi liliandikwa mara moja tu,
kwenye kadi ya zahanati, tena kwa makosa.

Halafu kuna yule mke wa mvumbuzi
aliyeondoka na gari alfajiri, mume amelala,
na bomba la mafuta lilipoziba njiani
akalizibua kwa pini ya kofia yake.
Mama alicheka hadi unga ukamwagika:
«Mwanaume anaunda. Anayefikisha ni nani?»

Ukurasa wa vita haukuwamo.
Huo niliusoma nikiwa mtu mzima:
mateka waliopigishwa kazi katika viwanda vile vile,
injini za ndege za kuua,
majina ambayo hayakuchongwa kwenye chuma chochote.
Nikamkumbuka babu, aliyeletwa mgodini
na namba badala ya ukoo.

Mkurugenzi Kabwit hakupiga kelele.
Alikata mshahara wa baba, miezi miwili.
Tulikula bukari kwa chumvi,
chumvi ile ile,
nami nilikuwa wa kwanza kukimbilia kopo
ili asilifungue mwingine.

Kampuni ikaanguka. Mabomba yakaacha kutoa moshi,
nguo zikakauka nyeupe kwenye kamba, na hakuna aliyefurahi.
Mkurugenzi akaliuza gari kwa baba:
magunia manne ya unga, na moja la deni.
Likawa teksi. Likabeba bibi harusi, likabeba mbuzi,
likabeba jeneza la Kabwit mwenyewe,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba.
Namba za kilomita zilirudi sufuri mara mbili.

Kule Tanzania, tulisikia, wakubwa waliitwa Wabenzi.
Huku watu waligonga bati lake wakasema: hili halifi.
Uongo.
Lilikufa kila wiki.
Ni baba tu aliyekuwa halali.

Siku moja alichuna waya wa taa,
akauinua ule uzi mwekundu juani.
«Huyu mwenyeji,» akasema.
«Alikwenda ng'ambo. Amerudi amevaa koti.»
Sijui kama ilikuwa shaba yetu.
Hata yeye hakujua. Aliisalimia tu.

Usiku huo nilitoka na nyota mkononi,
nimeifuta chumvi, nimeshaandaa maneno.
Nikapapasa boneti gizani.
Tundu halikuwapo.
Alikuwa ameliziba kwa waya uliosokotwa,
akaugonga kwa nyundo mpaka ukalala,
laini, kama kovu la chanjo.
Nikarudi ndani.

Mwaka aliokufa, mdomo umekauka, uji hauteremki,
aliniomba chumvi kidogo.
Nikalishusha kopo.
Chuma kikalia ndani, mara moja.
Baba alikuwa akiangalia ukuta.
«Ongeza,» akasema.